Je, maumivu ya mwanangu ni fimbo ya Mungu kwangu?

Mama_wa_Newala ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninaandika kutoka Newala, na ninaomba mnivumilie nikirefusha maneno, kwa sababu mzigo huu nimeubeba kwa muda mrefu na sijapata wa kunitua.

Mwanangu wa pili ana miaka tisa. Alipokuwa hajatimiza hata mwaka, vidole vyake vya mikono na miguu vilianza kuvimba mpaka akawa hawezi kushika kitu, na baada ya kuzunguka huku na huku tukaambiwa kwamba ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wanaoishi huku juu wanaijua baridi ya Juni na Julai, ukungu unapotanda asubuhi usiione mikorosho iliyo mbele ya nyumba yako. Kwa majirani zangu huo ni msimu wa kupuliza salfa. Kwangu mimi ni msimu wa kukesha, kwa maana baridi ikizidi ndipo maumivu humwanzia miguuni, yakapanda mgongoni, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Msimu uliopita alilazwa mara tatu.

Katika kikundi chetu cha sala yuko mama mmoja mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi wangu. Tuliporuhusiwa kutoka hospitali mara ya pili, alikuja nyumbani na unga wa uji, akaketi nami, akanisomea Waebrania mlango wa 12, pale panaposema kwamba Bwana humrudi yeye ampendaye, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tafuta mahali ulipokosea. Ukipatengeneza, mtoto atapona." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoyafanya maneno yake yanichome zaidi. Nikaanza kutafuta. Nilikumbuka kwamba mtoto wangu wa kwanza nilimpata kabla ya ndoa. Nilikumbuka kwamba mama mkwe wangu alifariki dunia tukiwa hatusemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nilikwenda kwa padre nikaungama yote, nikafunga siku saba, nikawaendea mawifi zangu kuwaomba radhi. Wiki mbili baadaye mtoto akalazwa tena. Tangu hapo mwingine katika kikundi amenishauri niache dawa, ili Mungu aone kwamba ninamtegemea yeye peke yake. Ushauri huo sijaufuata, lakini umeniachia hofu kwamba kila kidonge ninachompa mtoto ni ushahidi wa uchache wa imani yangu.

Maswali yangu ni mawili. Nitajuaje kama ninarudiwa na Mungu, au kama haya ni mateso kama yanavyompata mwanadamu yeyote? Na ikiwa kweli ananirudi, nitawezaje kumtumaini Baba anayenipiga mimi kwa kupitia mifupa ya mtoto? Imani sijaiacha, ninaomba kila siku. Lakini usiku mmoja mtoto mwenyewe aliniuliza, "Mama, Mungu ananipiga kwa nini?" Bila shaka aliwasikia watu wazima wakizungumza. Sikuwa na la kumjibu, nikamkanda miguu mpaka alipolala.

Mkulima_Tandahimba amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo, dada yangu, na pole sana. Mimi si mwalimu wa dini, ila nina la kusema juu ya fimbo, kwa sababu nimeionja.

Kwa misimu minne nilikuwa karani wa mizani katika ghala la chama cha msingi, na kila gunia la korosho nililolipima nililipunguza kilo moja, mara nyingine mbili. Wengi wa walioleta magunia yao walikuwa wajane na wazee wasioweza kusoma mizani. Kilo hizo niliziuza kwa jina la ndugu yangu. Msimu wa tano nikakamatwa. Nilipoteza kazi, nikauza ekari tatu za mikorosho aliyoipanda marehemu baba ili nilipe nilichoiba, na mke wangu akarudi kwao kwa mwaka mzima. Katika mwaka ule, nikiwa peke yangu ndani ya nyumba, hakuhitajika mtu wa kuja na Biblia kunionyesha kosa langu. Nililijua kabla sijakamatwa. Nililijua kila nilipoweka mkono kwenye mizani. Leo ninapoisoma Zaburi ya 119, pale mwimbaji anapokiri kwamba kabla hajateswa alikuwa amepotea, ninasoma habari zangu mwenyewe, nami ninamshukuru Mungu kwa moyo wote kwamba hakuniacha niendelee vile.

Kwa hiyo ninaomba tusije tukaiondoa fimbo ya Mungu kabisa kwa kuogopa kumwumiza dada yetu. Mungu hurudi. Tena wapo katika Maandiko ambao jambo hilo liliwagusa watoto wao. Daudi alipomchukua mke wa Uria, mtoto aliyezaliwa alifariki, na nabii Nathani alikuwa amemwambia wazi kwamba itakuwa hivyo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwako, dada. Kusema kweli sidhani. Lakini habari hiyo imo katika Samweli wa Pili mlango wa 12, nami ningependa wenye elimu watusaidie namna ya kuisoma.

Muuguzi_Lindi amejibu:

Dada, nitaanza na dawa, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri mjadala uishe. Usiziache.

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka kumi na minane, mingi kati ya hiyo katika wodi ya watoto. Selimundu imepata jina lake kutokana na umbo la mundu ambalo chembechembe nyekundu za damu hulichukua. Zikiisha kujikunja hivyo hunasa katika mishipa midogo, damu isipite, na hapo ndipo mtoto anapolia kwa maumivu. Baridi, upungufu wa maji mwilini na homa huchochea hali hiyo. Mtoto huupata ugonjwa huu anaporithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia, na mzazi anayekibeba upande mmoja kwa kawaida huwa mzima, asijue lolote. Wazazi wawili wabebaji wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumpata mtoto mwenye selimundu. Kinasaba hicho ulizaliwa nacho, dada. Kilikuwamo ndani yako kabla hujamjua mwanamume yeyote na kabla hujagombana na mama mkwe.

Kuna jambo jingine ambalo hunifanya nifikiri sana ninapowaangalia watoto hawa. Mtu aliyekirithi kinasaba hiki kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu kimeenea katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, pwani yetu hii ikiwamo. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Nimewauguza watoto wa wainjilisti, wa masheikh, wa wavuvi na wa wakuu wa idara, na wote hulia kwa namna moja. Anayesema kwamba kila mmoja wao amezaliwa ili mama yake apigwe, na aje alale wodini usiku mmoja, kisha aniambie kama bado anasadiki hivyo.

Mnyweshe maji mengi hata wakati wa baridi. Soksi na sweta zisikosekane, alale ndani ya chandarua, foliki asidi ameze kama ulivyoelekezwa, na homa ikimpanda usingoje kesho, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mwulize daktari wa kliniki yenu kuhusu haidroksiyurea, dawa ambayo kwa watoto wengi hupunguza idadi ya vipindi vya maumivu, ingawa hutaka damu ipimwe mara kwa mara. Mwombe pia ampime na kaka au dada yake.

Kuhusu imani na dawa, soma Wafalme wa Pili mlango wa 20. Mfalme Hezekia alipougua, Mungu alikwisha kumwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atapona, na baada ya ahadi hiyo Isaya huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwapo na tini zikawekwa. Kidonge unachompa mwanao ni tini zako.

Mwalimu_Mstaafu_Masasi amejibu:

Mwanangu wa Newala, nimeisoma habari yako mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuivua miwani. Pole. Nimefundisha katekisimu kwa zaidi ya miaka arobaini, na sura hiyo ya Waebrania nimeifundisha vibaya kwa karibu nusu ya miaka hiyo, kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni pamoja na deni ninalolilipa.

Tuwaangalie kwanza walioandikiwa waraka ule. Mlango wa 10, kuanzia aya ya 32, unatueleza habari zao: walitukanwa hadharani, wakasimama pamoja na waliofungwa, wakanyang'anywa mali zao na wakalipokea jambo hilo kwa furaha. Hao ndio walioambiwa, milango miwili baadaye, kwamba Bwana humrudi ampendaye. Walikuwa wakiteswa kwa sababu ya uaminifu wao, wala mwandishi hawaambii hata mara moja watafute dhambi iliyofichika iliyowaletea mateso hayo. Dhambi anaitaja, ndiyo, lakini kama uzito wa kuuweka kando ili mtu akimbie vizuri. Kabla ya kufika kwenye neno la kurudi, anawaelekeza wamtazame Yesu aliyeustahimili msalaba. Na huko nyuma, katika 5:8, amesema kwamba Yesu, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Ikiwa kila anayepitia malezi hayo ana kosa alilolificha, basi Mwana naye tutamwambia nini?

Neno lenyewe nalo limetupotosha. Kwa Kiyunani ni paideia, na maana yake ni malezi yote ya mtoto, yaani kumfundisha, kumwonya, kumkosoa na kumzoeza mpaka akomae. Waliotutafsiria Biblia walichagua "humrudi", neno zuri la Kiswahili, kwa kuwa mzazi amrudiye mtoto humtoa kwenye njia mbaya na kumrejesha. Lakini katika aya ya 11 wameweka "adhabu", na masikio yetu yaliyolelewa kwa viboko vya shule hayasikii tena kitu kingine. Hata hivyo aya hiyo hiyo inazungumza juu ya "waliozoezwa", na kwa Kiyunani hilo ni neno la viwanja vya wanariadha. Katika Kumbukumbu la Torati 8:5 Musa anasema kwamba Mungu aliwarudi Israeli kama mtu amrudivyo mwanawe, na ukiuliza aliwarudije, aya zilizotangulia zinajibu kwamba aliwaacha waone njaa na akawalisha mana. Njaa na chakula vimo pamoja ndani ya malezi yale.

Nitakupa mfano wa kwetu. Nilipokuwa mtoto, enzi za Askofu Trevor Huddleston, nilipelekwa jandoni pamoja na wavulana wengine wa kanisa letu, kwa maana katika Dayosisi ya Masasi jando lilikuwa limekwisha kuingizwa katika maisha ya Kanisa tangu siku za Askofu Vincent Lucas, likiwa na sala zake na padre wake. Tulilala kwenye baridi, tukaumia, tukakatazwa mambo mengi tuliyoyapenda. Hakuna aliyetuuliza tumekosa nini, wala hakuna mama aliyekaa nyumbani akijichunguza amefanya dhambi gani hata mwanawe anaumizwa. Tulipelekwa kwa sababu tulikuwa wana, na walitaka tuwe watu. Mwandishi wa Waebrania anasema jambo la jinsi hiyo hiyo katika aya ya 7. Lakini mfano huu una mpaka wake, nami sitaki kuuvuka: sisi tulijua siku ya kutoka, na tulikuwa na umri wa kuelewa kidogo. Mtoto wa miaka tisa anayelia usiku hajaingia katika mafunzo yoyote anayoyafahamu, wala mimi sithubutu kumwambia kwamba maumivu yake ni somo. Ukiulizwa na mtoto, usimpe jibu hilo.

Sasa nije kwa ndugu yangu wa Tandahimba, ambaye ungamo lake limenigusa na swali lake ni la haki. Habari ya Daudi imo na hatuwezi kuifuta. Lakini hebu tazama vile ilivyo. Daudi aliijua dhambi yake kwa jina lake. Alimtuma Uria akafe, kwa barua aliyoichukua Uria mwenyewe. Nabii alitumwa kwake, akamwambia "wewe ndiwe mtu huyo", akataja kosa lenyewe na kitakachotokea. Habari hiyo imeandikwa juu ya mfalme mmoja na nyumba yake, na haijageuzwa popote kuwa kanuni ya kumsomea mzazi wa mtoto mgonjwa. Kinyume chake, Ezekieli 18 yote imeandikwa ili kuivunja methali ya baba waliokula zabibu chungu na watoto wakatiwa ganzi la meno. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, alijibu kwamba si huyo wala wazazi wake. Swali walilouliza wanafunzi ndilo uliloulizwa wewe, mwanangu, juu ya unga wa uji. Na wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13, Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine.

Sikiliza basi tofauti ninayoiona kati yako na ndugu yetu. Yeye hakutafuta, kosa lilikuwa mkononi mwake, kwenye mizani. Roho wa Mungu anapomrudi mtu humwonyesha kitu chenye jina, mtu akakiri, akakirekebisha, mambo yakaisha. Wewe uliambiwa utafute, na aliyekuambia hakuweza kukuambia utafute nini. Ukapata mawili, ukayaungama, ukaomba radhi, na padre akakutangazia ondoleo. Hayo mawili yamekwisha. Isaya 53 inasema kwamba adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, yaani juu ya Kristo. Mungu hatozi deni moja mara mbili, kwanza kwa Mwanawe na tena kwa mwanao. Kuendelea kutafuta baada ya hapo ni kuutilia shaka msalaba, ingawa kwa macho ya watu huonekana kama unyenyekevu.

Ninaomba niongeze jambo moja la hapa Masasi, kwa sababu vijana wengi hawalijui. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta hapa watu waliokombolewa utumwani, wakitoka Unguja kwa njia ya Lindi, wakajenga kijiji na kanisa. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakaivamia Masasi. Nyumba zilichomwa, baadhi ya watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa mateka, watu ambao walikwisha kukombolewa mara moja. Waliobaki, wengine wao walihamia huko kwenu Newala, chini ya ulinzi wa chifu Matola, na Ukristo wa huko una mizizi katika msiba ule. Ni nani kati yetu atakayesimama aseme kwamba Mungu alikuwa akiwaadhibu wale kwa dhambi zao? Mimi siwezi. Ninachoweza kusema ni kwamba waliendelea kusali, na kwamba sisi tumezaliwa katika sala zao.

Rafiki za Ayubu walikuwa na jibu kwa kila kitu, nao walianza vizuri, kwa siku saba wakaketi naye chini bila kusema neno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Mwishoni, katika 42:7, Mungu anawaambia kwamba hasira yake imewaka juu yao kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama alivyonena Ayubu, yule Ayubu aliyekuwa amelalamika kwa milango mingi mfululizo. Kwa hiyo lalamika, mwanangu. Lalamika kwake yeye mwenyewe.

Mama_wa_Newala ameandika:

Shikamoo mwalimu. Ninawashukuru nyote, na wewe kaka wa Tandahimba pia, kwa maana hukunificha kitu. Muuguzi, nimeandika jina la hiyo dawa kwenye daftari la kliniki.

Mwalimu, nilikwenda kuisoma Kumbukumbu la Torati mlango wa 8 kama ulivyosema. Nilipofika aya ya 4, inayotangulia ile uliyoitaja, nilisoma kwamba kwa miaka arobaini nguo zao hazikuchakaa na miguu yao haikuvimba. Nilifunga Biblia. Miguu ya mwanangu ilivimba, mwalimu. Ninaelewa sasa kwamba sihukumiwi, na siwezi kueleza ni uzito kiasi gani umeondoka, lakini Mungu aliyeizuia miguu ya watu wale isivimbe jangwani anaweza kuizuia na hii, na haizuii. Hapo ndipo nimebaki.

Bibi_wa_Kilwa amejibu:

Mjukuu wangu, mimi nilimzika binti yangu akiwa na miaka sita. Watu waliniambia maneno mengi msibani, na mengi yalikuwa mazuri, lakini sikumbuki hata moja. Ninakumbuka jirani mmoja aliyekuja kila asubuhi kwa siku arobaini kunichotea maji, na alikuwa Mwislamu.

Kwa mwaka mzima sikuweza kusoma zaburi yoyote isipokuwa ya 88, kwa sababu ndiyo pekee iliyosema kama nilivyokuwa. Haina mwisho mwema, inaishia gizani. Baada ya kuisoma kwa muda mrefu ndipo nilipogundua kwamba maneno yale yote ya giza mwimbaji aliyaelekeza kwa Mungu, na kwamba mwanzoni kabisa amemwita Mungu wa wokovu wake. Sikuwa na imani zaidi ya hiyo mwaka ule: niliendelea kumwambia. Ukiweza kumwambia, hata kwa hasira, hujamwacha.

Mwalimu_Mstaafu_Masasi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Aya hiyo ya 4 nimeisoma maisha yangu yote bila kuisikia kama ulivyoisikia wewe.

Sina maelezo ya kwa nini kwako iwe hivi, na Ayubu naye hakupewa maelezo, hata Mungu alipomjia katika upepo wa kisulisuli na kuzungumza naye kwa milango minne. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, na jibu alilopata halikuwa sababu. Aliambiwa kwamba neema itamtosha. Ninamwona Yesu mwenyewe katika Gethsemane akiomba kikombe kiondolewe, nacho hakikuondolewa. Hapo ndipo ninapoweka tumaini langu mimi, na ninakuambia kama ninavyowaambia wanangu: Baba ninayemwomba ni yule ambaye Mwanawe aliomba ombi kama lako, na ambaye siku ya tatu alimfufua. Kati ya ombi lile na siku ya tatu palikuwa na maumivu halisi, pamoja na mama aliyesimama karibu na msalaba akiyatazama. Maombolezo 3:33 inasema kwamba kuwatesa wanadamu hakutoki moyoni mwake. Siku za kutomwelewa matendo yake, mimi hushika hilo juu ya moyo wake.

Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9 alisema kwamba anaamini, kisha papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumwambia akatengeneze imani kwanza ndipo arudi. Alimponya mtoto. Umwombee mwanao uponyaji bila kuona aibu, na dawa umpe kwa saa zake.

Mkulima_Tandahimba amejibu:

Mwalimu, nimekuelewa kuhusu Daudi, na ninakiri kwamba sikuwa nimeona uzito wa nabii kutumwa. Dada, naomba radhi ikiwa nilikuongezea mzigo. Nina pikipiki, na kila mwezi hupita Newala kupeleka mihogo. Ukihitaji usafiri wa kwenda kliniki, andika hapa hapa na tutapanga kupitia kwa kanisa lenu.

Mama_wa_Newala ameandika:

Hukuniongezea mzigo, kaka. Ulinisaidia kuona kosa lenye jina linafananaje.

Ninaandika haya baada ya wiki moja. Jumapili nilimwendea yule mama mtu mzima baada ya misa. Nilimsomea aya zile za Waebrania mlango wa 10, polepole, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri, kisha za Yohana 9. Alikaa kimya kwa muda, halafu akaniambia kwamba yeye mwenyewe alizika watoto wawili zamani, katika miaka ya njaa, na kwamba maisha yake yote amekuwa akitafuta alikosea wapi. Sikuwa nimelijua hilo. Tulilia pamoja. Keshokutwa atakuja kukaa na mtoto ili nipate kwenda shambani.

Juzi usiku maumivu yalirudi, ingawa si makali kama yale ya Julai. Mtoto aliuliza tena lile swali lake. Nilimwambia kwamba Mungu hampigi, nikamsimulia habari ya yule kipofu na jinsi watu walivyomwuliza Yesu nani amekosa. Aliniuliza, "Kwa hiyo hakukosa?" Nikamwambia hakukosa. "Na mama yake?" Nikamwambia na mama yake naye hakukosa. Aliomba maji, nikampa, nikamwongezea blanketi.